Kisanskriti kwa Wimbo wa Baba

Kizuka, Rumonge
Tarehe 21 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Yonasi,

Amahoro. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kalemie, umekula, umelala, na lile goti lako la tangu ukimbizini Katumba limeacha kukusumbua. Wifi yangu Aksanti hajambo? Watoto je, wanasoma au wanacheza tu kama baba yao alivyokuwa? Sisi huku tupo, kwa kadiri ya umri. Mgongo wangu umepungua kuuma, na nitakueleza umepunguaje. Mama anakula, anaoga, na kutwa anakaa mkekani barazani akitazama michikichi.

Usishangae kupata karatasi zama hizi. Simu yako haipatikani tangu kabla ya Pasaka, na Aksanti hana simu yake. Mwanzoni nilinuna. Nilimwambia dada yetu Marcelina kwamba mtoto wa mwisho amepata raha za Kongo na ametusahau. Kisha Jamali, yule anayevusha mawese kwenda upande wenu, akaja na habari kwamba alifika hadi nyumbani kwako akakuta kumefungwa. Jirani alimwambia umepanda boti ya unga kwenda Moba, na Aksanti amekwenda kwao na watoto kukungojea. Hilo lilikuwa mwezi wa tano.

Sasa sijanuna tena. Naogopa, nawe wajua mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Barua hii ina ombi moja, nalo ni unijibu kwa mkono wako. Sababu ninayo, lakini acha niieleze polepole, maana nikianzia mwishoni utasema ualimu umenichosha akili.

Kwanza habari za ziwa. Limepanda, Yonasi, hujapata kuona. Masika haya limeingia Gatete mpaka kwenye mashamba, na michikichi mingine imesimama ndani ya maji ikiwa imekauka na makuti yake yananing'inia. Watu wanavua ndagala, hao dagaa wetu, mahali palipokuwa jikoni kwao. Kiboko alionekana nyuma ya kanisa asubuhi kweupe, na mchungaji akaendelea na tangazo la ndoa kama vile hakumwona. Masika yamekwisha na kiangazi kimekaza, lakini maji hayana haraka ya kuondoka.

Ile hoteli ya ufukweni tuliyokuwa tukiipita tukirudi sokoni, chini yote ni ziwa. Wageni wanalala ghorofani tu. Vyumba vya chini viliachwa na milango yake wazi, na mawimbi yakija unaisikia inajifunga na kufunguka, polepole, kama kuna watu wanaohama chumba hadi chumba. Ninakutajia hoteli hii kwa sababu ndiko ninakokwenda kunyoosha mgongo.

Yupo binti anaitwa Kaoutar, mzaliwa wa Buyenzi, aliyesomea India kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa. Alirudi na fani hiyo na nyingine juu yake, yoga. Anawafundisha wageni wa mashirika na akina mama wenye migongo mibovu kwenye ukumbi wa juu wa hoteli. Nilikwenda kwa ajili ya kiuno, nikabaki kwa sababu kiuno kilinisikiliza. Kufikia mwezi wa nne aliniambia anataka kunifanya msaidizi wake, ili siku akiwa Bujumbura mimi nishike darasa. Mwalimu ni mwalimu, alisema, awe wa hesabu au wa mgongo.

Lakini alikuwa na sharti. Nijue majina ya mikao yote kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya huko, na niyatamke yanavyotakiwa. Kwake jina huja kwanza na mwili hufuata. Analitaja, unalirudia mpaka ulimi uache kujikwaa, ndipo anakuruhusu kusimama. Nilicheka moyoni, mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kutotamka Kifaransa, sasa nimekuwa wa darasa la kwanza.

Ngoja nikufundishe kidogo. Kuna Tadasana, kusimama wima, mikono imeshuka. Wengine husema maana yake ni mlima, wengine husema ni mti wa jamii ya mchikichi, na Kaoutar anasema walimu wake wenyewe hawakupatana. Sisi ulimi wetu wa Kiswahili hukanyaga mwishoni, tadaSAna. Hapana. Unavuta mwanzo, taadaa, kisha unateleza haraka mpaka mwisho. Kuna Vrikshasana, mti, ambao wanawake wa hapa waliuita virikisha mpaka Kaoutar akakaribia kulia. Kuna Bhujangasana, nyoka aliyeinua kichwa, na ile bh inataka pumzi itoke pamoja na b, kama unapuliza moto wa kuni mbichi. Balasana ni mtoto, umepiga magoti na paji limegusa chini. Na kila darasa linafungwa na Shavasana, kulala chali, viganja juu, macho yamefumbwa, hakuna kutikisika. Maana yake ni maiti.

Kanisani habari zilifika kabla yangu. Mama mchungaji aliniuliza kwa upole kama ni kweli tunaita mashetani ya Wahindi. Nilimjibu kwamba tunaita mti, paka na mtoto, na kwamba nikimwona shetani nitamtuma kwake akaombewe. Akina mama wa kwaya walicheka, mambo yakaisha. Siku hizi jibu lile haliniletei kicheko.

Taabu ikawa kuyakumbuka. Kichwa cha miaka hamsini si kichwa cha kitoto. Nilikuwa nikirudi Kizuka majina yamebaki njiani yote. Mpaka alasiri moja, nachambua mchele barazani, nikajikuta ninayataja bila kukosea hata moja, kwa mpangilio wake, mwanzo hadi mwisho. Nikajiuliza nimewezaje. Ndipo nikasikia kwamba nilikuwa nayaimba, na wimbo ulikuwa wa Baba.

Hujausahau. Hata wewe uliyekuwa mdogo huwezi kuwa umeusahau. Kule Katumba, kabla ya kula, Baba alisimama na kuita majina ya watu wetu wote wa Kizuka, kwa sauti ile ya kupanda na kushuka, akiacha nafasi baada ya kila jina. Alianza na Babu, akaja kwa Baba mkubwa Leonsi, mashangazi, majirani wa mpaka wa shamba, Mjomba Nestori, akamalizia na sisi kwa kufuatana, Marcelina, mimi, wewe. Alitaka siku tukirudi tusiwe wageni kwetu. Aliye hai na yupo pale aliitika mwenyewe. Wale waliokufa, Mama ndiye aliyewaitikia, kwa sababu Baba hakutaka jina libaki hewani. Mama alilirudia jina akaongeza, "Ariho," yupo, kwa sauti nzito ya kooni ambayo hakuitumia kwa jambo jingine lolote.

Na aliye hai, Mama hakumwitikia kamwe. Unakumbuka siku ulipokawia kisimani? Baba aliita Yonasi, akangoja. Ugali ulipoa. Mimi na Marcelina tulimsihi Mama aseme tu tuanze kula, akatukata jicho. Tulikaa mpaka ukatokea na ndoo nusu, ukaitika, ndipo tukanawa. Nilikupiga kwenzi kwa ajili ya ule ugali, na ulistahili.

Baba alipofariki wimbo ulikufa naye. Na Mama, kama Marcelina alivyokueleza kwenye simu mwaka jana, ameacha kusema. Tangu masika ya mwaka juzi hajatuita kwa majina yetu. Akitaka maji anatazama mtungi.

Basi alasiri ile niliimba tena, nijaribu ulimi. "Taadaasana," nikaacha nafasi. Kutoka mkekani nyuma yangu Mama akasema jina la Babu, kisha "Ariho."

Niliumwaga mchele. Nilimkumbatia, nikalia, nikampigia Marcelina aje asikie. Mama anasema! Nilirudia wimbo mara nyingi siku zile, na kila niliposhusha sauti baada ya neno la Kihindi, Mama aliliweka jina la mtu wetu mahali pake. Vrikshasana, yeye akasema Leonsi. Bhujangasana, akataja shangazi aliyebaki mtoni mwaka wa sabini na mbili, watu walipokimbia mauaji. Sikuwa nimejua kama orodha ya Kaoutar na ya Baba zinalingana urefu. Zilipofika kwenye nafasi zetu sisi watoto, Mama alinyamaza, akangoja. Mimi niliitika ya kwangu. Ya Marcelina na ya kwako niliziruka, nikafurahi kwamba Mama bado anawajua walio hai.

Habari ya Mjomba Nestori nadhani haijakufikia, niwie radhi kukupa hivi. Yeye alikuwa Nyanza-Lac, mzima, amevuna mihogo. Alasiri moja nafasi yake ilipofika, mahali ambapo siku zote Mama alikuwa akinyamaza, akasema, "Nestori. Ariho." Kwa ile sauti ya kooni. Nilidhani amechanganya. Keshoye Marcelina akapiga simu analia. Mjomba alianguka shambani, akapatikana jioni. Tulimzika vizuri, watu wengi walikuja.

Sikumwambia mtu. Nilijituliza kwamba wazee hukisia. Nikaacha wimbo kwa muda, nikasoma majina kwa kusema tu kama msomaji wa redio, na yote yakanitoka. Mtihani wa Kaoutar ulikuwa umekaribia. Nikarudi kwenye wimbo, nikiimba kwa sauti ya chini kisimani, shambani, mbali na baraza.

Kumbe sauti inafika. Siku ya Jumapili baada ya ibada ninaanua nguo nyuma ya nyumba, ninanong'ona, nimefika mwisho. "Shavasana." Nikaacha nafasi kwa mazoea. Kutoka barazani, upande wa pili wa nyumba, Mama akasema, "Yonasi. Ariho."

Yonasi, nilikaa chini palepale na nguo mapajani. Sauti ni ile ile. Nakuapia.

Nilimweleza Kaoutar yote. Hakunicheka, na kwa hilo namheshimu. Aliniambia, "Mwalimu, iko kawaida. Bongo ya muzee inashika wimbo kuliko inashika watu. Zamani alikuwa ananyamaza pale juu ya mazoea, sasa mazoea inaisha, anajaza nafasi yote." Maneno yana akili, na nilitamani yanitoshe. Nikarudi nyumbani nikafanya jaribio. Niliimba mbele yake, na nafasi yangu ilipofika nikajikaza nisiitike. Mama alinyamaza. Alinigeukia akanikata jicho lile la Katumba, akangoja mpaka nikasema nipo. Nafasi ya Marcelina akanyamaza vilevile. Yako hakungoja hata pumzi moja. Kwa hiyo mazoea yake hayajaisha, mdogo wangu. Ni mazima kuliko yangu.

Kinachonila ni kwamba mimi ndiye niliyepanga hivi. Baba alikuita mwisho kwa sababu ulizaliwa mwisho. Darasa linafungwa na maiti kwa sababu ndivyo linavyofungwa. Nikaviunganisha bila kufikiri, na wiki nzima nzima nimekuwa nikikuita ndugu yangu kwa neno la maiti, kwa matamshi safi, nikijivunia ile sh yangu. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kukosea hivi. Ni mtoto wa Baba tu.

Nikajaribu kurekebisha. Nilipanga majina upya ili Balasana, mtoto, iangukie kwako, na Shavasana nikaitupa katikati. Mama hakujali nimeita nini. Nafasi ya mwisho ilipofika alikuitikia. Nikaanzia mwisho kwenda mwanzo. Alikuitikia wa kwanza, halafu akanisubiri mimi. Nikaimba nusu nikanyamaza, nikaingia ndani kupika. Aliumaliza peke yake barazani, sauti ya Baba na sauti yake, zote mbili kinywani mwake.

Mtihani nilifaulu, kama unataka kujua. Kaoutar alisema mdomo wangu umekuwa wa Kihindi. Siku ya kwanza kushika darasa nilikwenda vizuri mpaka mwisho, kisha wageni wakaketi wananitazama, wanangoja neno la kuwalaza, nami nikashindwa kulitoa. Nilisema tu pumzikeni. Wakalala wote chali, viganja juu, kimya, na chini yetu milango ikawa inagonga majini. Nikawatazama nyuso zao, nikakutafuta. Sikukuona, namshukuru Mungu, lakini nilikutafuta. Kaoutar anataka nilitamke, mgeni amelalamika. Nimemwambia sitalitamka mpaka nipate barua kutoka Kalemie.

Basi ombi langu unalijua. Usinitumie salamu kwa mdomo wa mtu, maana mtu huongeza huruma zake. Chukua kalamu. Hata kama umekasirika kwamba tulikuacha peke yako wakati wa kesi ya shamba, andika matusi, nitayabusu. Ukiweza kuja, njoo kwa barabara ya Uvira, hata kama ni ndefu. Achana na boti kwa sasa. Na kama anayeifungua karatasi hii si Yonasi, nakuomba kwa jina la uliyempenda, usiandike chochote. Mrudishie Jamali jinsi ilivyo, nitaelewa.

Marcelina anakusalimu sana, amekuandalia mawese ya kukaangia. Mumewe Roger naye anakusalimu na kukukumbusha kwamba Burundi ina mpira mzuri kuliko Kongo. Nadia, binti yangu, anamsalimu mke wa mjomba wake, Aksanti, na kuwabusu watoto. Mchungaji na mkewe wanakuombea. Wote nimewaambia hujambo.

Mama hakutumi salamu. Jana alasiri nilipiga magoti mkekani nikamuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alinitazama kwa huruma, jinsi anavyotazamwa mtoto anayeuliza jambo lililo wazi, kisha akazungumza kama zamani, maneno kamili, ya kwanza tangu mwaka juzi mbali na yale majina. Akasema, "Unamuandikia nini na mutoto iko hapa? Iko analowa. Umuletee nguo kavu." Na akasogea kidogo, kukupisha nafasi.

Nilikataa, Yonasi. Nilimwambia uko Kalemie na nguo zako ziko Kalemie. Kisha nikaenda ndani nikaleta shati la Baba, nikaliweka pale alipoonyesha, kwa sababu sikuweza kuvumilia anavyotetemeka kwa ajili yako. Nilipokunja mkeka jioni upande ule ulikuwa na majimaji. Mama ni mzee na mikeka ya wazee hulowa, mimi ndiye ninayeifua. Lakini yaliyotoka mkekani niliponusa yalikuwa na harufu ya ndagala.

Mungu akutunze palipo pakavu, akurudishie sauti yako, aturudishie wewe. Mimi kila alasiri nitaliita jina lako lenyewe, Yonasi, si la Kihindi wala la wimbo, na nitamziba Mama mdomo kwa mkono wangu kama italazimu. Wewe itika mwenyewe.

Dada yako akupendaye, ambaye bado hajanawa mikono,

Zipora